Babu Aliyebaki Nyuma: Tulivyomtafuta Askari Wetu wa KEYA

Familia nyingi za Tanzania zina mtu mmoja aliyekwenda vita vya Hitla na hakurudi. Kwetu ni babu, baba wa baba yangu, askari wa KEYA, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Alichotuachia ni picha moja ya studio, amevaa kofia pana ya jeshi iliyokunjwa upande mmoja, barua moja iliyotoka Seiloni, ambayo sasa ni Sri Lanka, na maneno kwamba alikufa Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, akiokoa wenzake. Maneno hayo nimekua nayo, na kila msimulizi alikuwa na yake. Shangazi alisema alililalia bomu ili lisiwaue wengine. Baba mdogo alisema alimbeba ofisa wake mgongoni. Mzee mmoja jirani, aliyewahi kuwa dereva jeshini, alisema kule Bama malaria iliangusha watu wengi kuliko risasi, na kwamba familia zina kawaida ya kupamba.

Mwaka 2008 ndipo niliposhika kazi ya kutafuta ukweli. Baba yangu alikuwa ameshafariki bila kujua baba yake alikufaje. Bibi, mjane wa askari huyo, alikuwa hai, amepita miaka themanini, na kila nilipokwenda Tabora kumsalimia niliona muda unavyotukimbia. Naeleza njia niliyopita kwa ajili ya yeyote mwenye picha kama hiyo ukutani, ili asizunguke kama nilivyozunguka.

Nilianzia kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kwa kifupi huitwa CWGC. Orodha yenyewe iko kwenye intaneti na kuisoma ni bure. Nikaingia intaneti kafe, nikaandika jina la babu kama tunavyoliandika sisi. Hakuna. Nikatanguliza jina la baba yake. Hakuna. Wengi huishia hapo, wakaondoka wakisema Waingereza hawakuwaandika watu wetu. Kwa Vita Kuu ya Kwanza lawama hiyo ni ya kweli kabisa. Mwaka 2021 CWGC wenyewe walitoa ripoti wakikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa hata kidogo, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao ndio walioiachia Kariakoo jina lake, wamo katika hesabu hiyo. Ukiwa unamtafuta mpagazi wa 1914–1918, ujue mapema kwamba huenda hutaliona jina lake popote, na si kwa sababu hukutafuta vizuri.

Wa Vita Kuu ya Pili wengi waliandikwa, lakini waliandikwa na karani kama alivyosikia. Askari alisema jina lake kwa lafudhi ya kwao, karani akaandika kwa masikio ya kwake. L ikawa R, herufi ya katikati ikaanguka, jina la ukoo likageuka jina la kwanza. Wengine walijiandikisha kwa majina ya utani, au kwa jina la ubatizo ambalo nyumbani halikutumika kabisa. Kwa hiyo dawa ni kuliacha jina. Tafuta kwa kikosi, yaani King's African Rifles, KEYA ya wazee wetu. Kisha punguza kwa mwaka, kisha kwa mahali pa kumbukumbu, halafu soma mmoja mmoja. Usiruke sehemu ya maelezo ya ziada, maana ndimo mara nyingine yanapokaa majina ya wazazi, ya mke, ya wilaya. Mimi jina la babu nilikuwa nimelipita. Kilichonirudisha ni jina la Bibi. Limeandikwa vibaya, lakini likisomwa kwa sauti ni lake: mume wa fulani, wa Tabora, Tanganyika.

Nililia pale kwenye kiti, watu wakanigeukia. Miaka yote ile Bibi alikuwa ndani ya kitabu cha serikali ya mbali na hakuna aliyewahi kumwambia.

Rekodi ilinipa vitu vichache lakini vya uhakika: namba yake ya jeshi, cheo chake, batalioni ya 36, tarehe ya Septemba 1944, na kwamba jina lake limechongwa kwenye Kumbukumbu ya Rangoon, ndani ya makaburi ya vita ya Taukkyan, kaskazini mwa Yangon. Kumbukumbu ile ina majina karibu 27,000 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani. Kama wako alikufa katika kampeni ya Ethiopia au ya Madagaska na hana kaburi linalojulikana, mtafute kwenye Kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Namba ya batalioni nayo ina habari yake. Katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Bama, batalioni za 26 na 36 zilikuwa za Tanganyika, ya 11 ya Kenya, za 4, 34 na 44 za Uganda, za 2 na 22 za Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Ukiijua namba, unajua angalau wenzake walitoka wapi, na hilo lina maana kubwa huko mbele.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu madalali. Habari za utafutaji wangu zilipovuma kijijini, akatokea mtu na fomu zenye muhuri, akasema malkia ametenga fidia kwa wajukuu wa KEYA, na kila familia ilipe shilingi 150,000 za kufungua jalada. Baba mdogo aliuza mbuzi wake akalipa. Majirani wawili wakalipa. Mtu yule hatukumwona tena. CWGC kazi yao ni makaburi na majina, hawatoi fidia kwa mtu. Yeyote anayekudai fedha ili jina la babu yako lionekane anakuuzia kitu ambacho hakiuzwi.

Rekodi haikusema babu alikufaje. Hapo nikaambiwa habari za shajara za vita. Kila batalioni ilikuwa na ofisa wa kuandika ya kila siku: mvua, mwendo, mapigano, waliojeruhiwa. Shajara za vikosi vilivyopigana Bama zimehifadhiwa Kew, London, katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, kwenye kundi la majalada liitwalo WO 172. Ukiagiza wakunakilie unalipia. Ukiwa na ndugu aliye huko, anaweza kwenda mwenyewe na kupiga picha kwa kamera yake bila malipo. Binamu yangu aliyekuwa akisoma Uingereza alinifanyia hisani hiyo. Siku ya babu ilipewa mistari michache: doria ilikutana na adui kwenye kijito, Waafrika wawili walijeruhiwa, mmoja hakurudi. Maofisa wanatajwa kwa majina, askari wetu wanatajwa kwa hesabu. Nilisoma mistari ile mara nyingi mno, nikitumaini kuna neno nililolikosa.

Kisha nikaingia kwenye nishani, na huko nilipoteza muda mwingi ambao ningeutumia kutafuta watu. Nilikuwa na hakika kwamba aliyekufa hivyo lazima alipewa kitu. Mapendekezo ya nishani yako Kew pia, katika WO 373, na gazeti la serikali ya Uingereza, London Gazette, linasomeka bure kwenye intaneti. Sikumkuta. Nilipouliza kwa nini, nilifundishwa jambo ambalo natamani kila familia ilijue. Enzi zile, na mpaka mwaka 1979, nishani za ushujaa vitani kama Military Medal hazikutolewa kwa mtu aliyekwisha kufa. Kwa marehemu aliyepigana mbele ya adui kulikuwa na Victoria Cross juu kabisa, na chini kabisa kutajwa jina katika taarifa za kamanda. Katikati hapakuwa na kitu. KEYA ilipata Victoria Cross katika vita ile kupitia Sajini Nigel Gray Leakey, Mzungu wa Kenya. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito nchini Ethiopia, aliparamia kifaru cha Waitaliano, akafungua mlango wa juu na kuwapiga risasi waliokuwa ndani, isipokuwa dereva. Akakifuata kingine, na hapo ndipo alipouawa. Mwili wake haukupatikana, na jina lake liko kwenye kumbukumbu ile ile ya Nairobi. Alistahili, simpunguzii chochote. Ila hakuna askari Mwafrika hata mmoja wa KEYA aliyepewa nishani hiyo, na ili jina lako lifike huko lazima ofisa awe ameona na awe ameandika. Kwenye kijito cha babu hapakuwa na ofisa.

Basi kama huoni nishani, usihitimishe kwamba hapakuwa na ushujaa. Na usitumie miaka yako kwenye karatasi wakati mashahidi wanazeeka. Karatasi za Kew zitakuwepo mwaka kesho.

Mtafute aliyeokolewa. Ndiyo njia iliyofungua kila kitu kwetu, na ingekuwa ya kwanza kama kungekuwa na mtu wa kunielekeza. Kama kweli askari wako alikufa akiokoa wenzake, basi kuna watu waliotoka hai pale, wakarudi, wakaoa, wakazaa, wakasimulia.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nilikwenda Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na mzee mmoja kati ya wapiganaji wa zamani huweka upinde na mishale. Nilisubiri sherehe iishe, nikawafuata wale wazee walipokuwa wamekaa kivulini wakingoja usafiri. Niliwasalimu mmoja mmoja, nikawaonyesha picha na namba ya batalioni. Hakuna aliyemjua babu, lakini mmoja wao aliniambia kuna mzee wa batalioni ya 36 bado yuko hai, upande wa Songea. Akanielekeza kwa Tanzania Legion, chama cha askari wa zamani, ambao wana matawi mikoani na wanajuana. Kenya wapo DEFOCA kwa kazi kama hiyo. Barua yangu ilizunguka wiki nyingi, kisha ikaja simu kutoka kwa mjukuu wa mzee yule: babu amesema njoo.

Kutoka Ubungo mpaka Songea ni safari ndefu, na ndani ya basi nilijiandaa kwa maswali mengi. Mwalimu mmoja wa historia alikuwa amenionya: usimpe mzee jibu ndani ya swali. Ukimwambia kwamba babu yako alilalia bomu, mzee mwenye adabu atakubaliana nawe ili asikuvunje moyo, na hutajua tena kipi ni cha kwake na kipi ni cha kwako. Mfanye yeye akuambie kwanza. Nimeona faida yake kwa macho yangu.

“Shikamoo Babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni wa nani?”

Nikamtajia jina tu, bila picha wala hadithi. Alinyamaza, akaniangalia usoni.

“Yule wa Tabora? Mwenye mwanya?”

Kwenye picha babu amefunga mdomo. Sikujua kama alikuwa na mwanya. Nilimuuliza Bibi baadaye, akaniambia alikuwa nao, na kwamba yeye alimpendea huo.

Siku ile ya kwanza hakutaka kusema zaidi, na nilipotoa kinasa sauti alikirudisha kwenye mfuko wangu kwa mkono wake. Tuliongea kuhusu mahindi na bei ya mbolea. Unapokwenda kwa mzee wa namna hii, siku ya kwanza iwe ya salamu. Peleka sukari, kaa, kula ulichopewa, na uwe umepanga kulala huko siku kadhaa. Ukija na haraka utarudi na tarehe na majina ya mahali tu.

Kesho yake asubuhi aliniita mwenyewe. Alikuwa nambari mbili kwenye bunduki ya Breni, na babu alikuwa nambari moja. Nambari moja hupiga, nambari mbili hubeba magazini na kuzibadilisha. Walikuwa wamefanya hivyo tangu Seiloni. Mvua ya bonde la Kabaw, alisema, ilikuwa hainyamazi, barabara ilikuwa tope la kufika magotini, na chakula walidondoshewa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Seksheni yao ilitumwa doria. Wakiwa wanavuka kijito, bombom ya Wajapani, yaani bunduki ya rashasha, ikafungua kutoka kwenye handaki lililofunikwa kwa magogo. Koplo wao akapigwa pajani, mwingine begani. Babu akajitupa nyuma ya gogo, akaanza kujibu.

Aliniomba nimsogezee kigoda. Akakiweka mbele yake, akanionyesha magazini ya Breni inavyokaa, juu ya bunduki, imepinda. Inaingia risasi 30, akasema, lakini sisi tulitia 28, kwa sababu ukiijaza sana springi inachoka na bunduki inakwama. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa uzee, lakini vilipofika kwenye kuchomoa magazini na kuchomeka nyingine vilikwenda haraka, bila yeye kuvitazama.

“Koplo ndiye wa kutoa amri, na koplo yuko chini anapiga kelele,” alisema. “Babu yako akaniambia, niachie mikoba yote, mvuteni koplo. Nikamwambia twende wote. Akasema wote hatufiki. Ndivyo ilivyokuwa. Bunduki ikinyamaza, Mjapani anainua kichwa, na sisi tuko wazi kwenye mteremko.”

Alimwachia magazini zote. Yeye na mwenzake mmoja wakamburuta koplo, wengine wakamchukua wa begani. Walipokuwa wanateremka alikuwa anasikiliza. Inapiga, inanyamaza kidogo, amebadilisha. Inapiga tena.

“Nilikuwa nahesabu. Nilijua nimemwachia ngapi. Ile ya mwisho haikwisha.”

Tulikaa. Mjukuu wake aliyekuwa anachambua mboga pembeni aliacha kuchambua.

Siku mbili baadaye kombania nzima ilirudi pale, Wajapani walikuwa wameondoka, wakamzika kwenye ukingo wa kijito na kuweka mti wenye jina. Mvua za mwaka ule zilikula kingo nyingi. Ndiyo maana hana kaburi, na ndiyo maana jina lake liko ukutani Taukkyan.

Kabla sijaondoka aliniambia mambo mawili ambayo nimeyabeba mpaka leo. La kwanza: “Usiandike kwamba hakuogopa. Aliogopa. Nilikuwa nimelala ubavuni kwake, mwili wake wote ulikuwa unatetemeka. Aliogopa, akabaki.” La pili lilimtoka kwa shida zaidi. Alisema kwamba baada ya vita alifika Tabora kwa treni, akashuka stesheni akiwa na nia ya kuja kwetu, akashindwa, akapanda tena. “Nilijua mtaniuliza kwa nini nilimwacha.”

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilidhani mimi ndiye ninayebembeleza, kumbe naye alikuwa anaogopa kuulizwa. Kama unakwenda kwa mtu aliyeokolewa, mwambie mapema na kwa maneno ya wazi kwamba hukuja kudai chochote. Mimi nilimwambia kwamba babu ndiye aliyemtuma aondoke, na kwamba kama asingeondoka, hakuna mtu duniani ambaye angejua. Alinishika mkono na hakuuachia mpaka chai ilipoletwa.

Nilirudi nikidhani namletea Bibi faraja. Nilimsimulia kila kitu, hata kutetemeka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kumbe alikuwa na nafasi ya kuondoka.”

Kwa siku kadhaa hakutaka kuzungumza nami. Shangazi alinilaumu, akasema hadithi ya bomu ilikuwa nzuri zaidi, maana mtu aliyelalia bomu hakupata muda wa kufikiri juu ya mke na mtoto. Nililala usiku nikijiuliza kama nilikuwa na haki ya kumletea mjane habari kwamba mumewe alichagua. Alikuwa na miaka ishirini na kitu alipoitwa boma kuambiwa. Alilea mtoto mmoja peke yake, alilima mashamba ya watu, alikataa kurithiwa na shemeji, na kwa hilo alinyanyaswa. Watu waliookolewa pale kijitoni walikuwa mlangoni mwa maisha yao, na yeye ndiye aliyelipa. Hilo halimo kwenye rekodi yoyote, na kwenye sherehe za mashujaa sijawahi kulisikia likisemwa kwa uzito unaostahili. Ukimtafuta askari aliyejitoa kwa ajili ya wenzake, sikiliza pande zote mbili: walioponea kwake na wale aliowaacha nyumbani. Na kabla ya kumfikishia mjane au mtoto habari kama hizi, muulize kwanza kama anataka kuzisikia, na umuulize faragha. Usimwage mbele ya ukoo.

Alipoanza tena kuongea nami aliuliza swali moja: yule koplo alipona? Nikamwambia alipona, alirudi kwao upande wa Mbeya, alifariki miaka ya sabini. Wa begani alifia hospitali ya vitani. “Koplo ana watoto?” Wengi, nikasema, na wajukuu. Akataka kujua wangapi. Nilipiga simu Songea, Songea wakapiga Mbeya, ikachukua muda. Idadi ilipokuja aliirudia mara mbili tatu kwa sauti, na jioni ile nilimsikia akimwambia jirani, kama anayetaja mali ya familia.

Koplo yule ana binti ambaye alikuja Tabora mwaka uliofuata. Alimpigia Bibi magoti, akamwita mama. Mengine waliyozungumza sikuyasikia, walikuwa wamejifungia ndani.

Bibi hakuwepo tena mwaka 2018, lakini nilimkumbuka sana mwezi Novemba mwaka ule. Karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa kwenye mapigano na waasi wa ADF. Koplo wa Tanzania alijeruhiwa vibaya, hawezi kwenda. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimburuta mpaka penye kinga, akampa huduma ya kwanza, na hapo naye akapigwa. Chitete alifariki, koplo akapona. Wamalawi sita na Mtanzania mmoja walikufa katika mapigano yale. Mei 2019 mke wa Chitete alisimama New York akapokea, kutoka kwa Katibu Mkuu António Guterres, Medali ya Kapteni Mbaye Diagne, iliyopewa jina la Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 kabla hajauawa. Nilitazama picha zile kwa muda mrefu. Katika Bama batalioni ya 36 ya Tanganyika na ya 22 ya Nyasaland zilikuwa brigedi moja. Miaka sabini na nne imepita, ni nchi zile zile mbili, na safari hii jina la aliyebaki nyuma limeandikwa, na mjane wake ameitwa mbele akiwa hai, wote wakijua alichofanya mumewe. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mambo ya vitendo yaliyobaki ni machache. Sauti za mzee wa Songea nilizirekodi kwenye kaseti, na nimezihamishia kwenye simu na kompyuta za watu watatu wa ukoo, kwa sababu kaseti moja ilishaanza kuliwa na unyevu. Nakala nyingine iko kwa wajukuu zake, ni mali yao kabla ya kuwa yangu. Kila mkanda nimeuandikia tarehe, mahali na jina la anayesema. Hadithi ya bomu la shangazi nayo nimeiandika, nikabainisha ni ya nani, kwa sababu hata ilivyopambwa inaonyesha familia ilivyojitahidi kumweka hai mtu ambaye hawakuwa na karatasi yake.

Na lipo jina. CWGC hupokea maombi ya kusahihisha, mradi uwe na ushahidi wa maandishi wa wakati ule, na sisi tuna daftari la ubatizo la misheni lenye jina la babu kwa L. Baba mdogo hataki. Anasema kwa R ndivyo alivyoitikia kwenye gwaride, ndivyo yule nambari mbili alivyomwita, na ndivyo lilivyoandikwa kwenye ule mti wa kijitoni. Mimi nataka L, kwa ajili ya watoto watakaotafuta kama nilivyotafuta na kuambiwa hakuna. Tumekubaliana tuombe jina la Bibi lisahihishwe kwanza, maana kwake yeye hakuna anayebisha. Fomu imeshajazwa, na nakala ya cheti cha ndoa imeambatanishwa.